Wifi Ndani ya Chupa ya Vifungo

Mtaani kwetu wifi yangu anaitwa Kidevu Juu. Jina hilo alipewa na wateja, maana kwa miaka kumi na tisa amekuwa akiwaambia maneno yale yale wakishakaa kwenye stuli yake: "Kidevu juu kidogo. Usicheke. Usipepese macho." Anabonyeza kamera, anageukia kompyuta, na baada ya dakika kumi mtu anaondoka na picha zake nne za pasipoti ndani ya bahasha ndogo. Watu waliokaa kwenye stuli ile leo wametapakaa dunia nzima. Yeye mwenyewe hajawahi kufika hata mwisho wa barabara ya lami bila kuangalia saa.

Mimi ni mke wa mdogo wake, na kazi yangu ni cherehani. Chumba changu cha kushonea kimepakana na studio yake, na ukuta ulio kati yetu ni wa mbao nyembamba. Ukipiga chafya upande huu, upande wa pili wanakujibu "afya". Nasema haya mapema ili msije mkadhani nimesimuliwa. Nilikuwepo. Na mkiona humu ndani najitetea, niacheni nijitetee kidogo, kwa sababu mimi nina mdomo na kila mtu anajua sijazoea kuufunga. Siku niliyoufunga ni moja tu.

Nyuma ya studio kuna chumba cha mama mkwe. Ni mwaka wa tisa sasa tangu alipopooza upande wa kulia. Sauti yake haifiki mbali, basi mkono wa kushoto hushika kijiko na kugonga chuma cha kitanda. Akigonga mara moja anataka maji. Mara mbili, ageuzwe. Mara tatu hataki kitu chochote, anataka tu kujua kama upo. Mume wangu ni mwanaume na ana kazi yake, mimi nina watoto na mishono ya watu, wifi hakuolewa na studio iko pale pale mlangoni. Hatukukaa kikao kuamua nani atamwuguza mama. Mambo yalijipanga yenyewe, na sisi wengine tukashukuru Mungu kimyakimya.

Vituko vya wifi vilianza mwaka wa pili wa ugonjwa ule. Mchana mmoja hapakuwa na mteja, naye hakuweza kutoka kwa sababu ya kijiko, akaiwekea kamera sekunde kumi, akakimbilia stuli na kukaa amejikunyata kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. Kisha akajikata kwenye kompyuta, taratibu, unywele mmoja mmoja, namna ninavyokata mimi kitambaa cha lesi, akajipunguza mpaka akawa mdogo kama maharagwe, akajiweka ndani ya kijiko cha mama. Akaiprinti kwenye karatasi ngumu isiyong'aa. Hapo ndipo alipotoa rangi za maji na brashi yenye nywele tano akachora vile ambavyo kamera haiwezi kuviona: ziwa la dawa ya kikohozi, rangi ya waridi, na samaki waliovaa miwani wakimtazama anavyopiga kasia kwa kijiti cha kiberiti.

Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. "Wifi," nikamwambia, "wewe una wazimu mzuri."

"Usimwambie mdogo wangu. Atasema napoteza wino wa printa."

Akaihifadhi kwenye folda aliyoiita "Bomba la Choo", akijua mdogo wake huyo hataifungua hata umshikie fimbo. Zikaja nyingine. Alijianika kwenye kamba ya nguo kati ya soksi mbili, amebanwa mabegani kwa vibanio, meno nje. Alijigeuza kuwa mshale wa saa ya ukutani. Alizigeuza nywele zake kundi la ndege wanaovuta kichwa kwenda juu, huku miguu yake imefungwa kwenye stuli kwa futi yangu ya kupimia, ile ya njano. Magauni ya kuvalia vituko hivyo nilimshonea mimi kwa mabaki ya vitambaa, kola kubwa kama sahani, mikono kama matarumbeta. Miaka saba tulicheka pamoja. Katika picha zote zile hapakuwa na hata moja ambayo hakufungiwa, hakuning'inizwa wala hakufungwa na kitu, na mimi ninayejidai nina jicho sikuwahi kuliona hilo.

Jambo jingine ni kovu. Wifi ana kovu linaloshuka kutoka chini ya mdomo mpaka kidevuni. Alianguka kizingitini akiwa mtoto. Katika kila kituko kovu lile lilikuwa kitu kingine: mara zipu, mara mto wenye boti, mara ngazi wanayopanda sisimizi. Lakini rangi ya maji haikai vizuri juu ya alama iliyokwisha kuchapwa. Ndiyo maana hatua yake ya kwanza, akiufungua tu uso wake kwenye kompyuta, ilikuwa kulifuta kovu na kuacha kidevu kitupu, kisha kulichora upya kwa brashi juu ya karatasi. Alifanya hivyo mara mia na zaidi. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, kama mguu wangu kwenye pedali.

Kwa wateja hakuthubutu. Ukutani kuna tangazo aliloliandika kwa mkono wake: PICHA ZA PASIPOTI HAZISAFISHWI. USITUBEMBELEZE. Watu walimbembeleza tu. "Dada, nitolee hii chunusi." "Dada, nipunguzie mashavu." Jibu lake lilikuwa moja: "Dirishani kwenye ofisi ya pasipoti wanataka uso uliokuja nao."

Basi siku moja alikuja mwalimu wa uchoraji, mama mmoja mrefu mwenye rangi kwenye kucha, anataka picha za pasipoti. Printa ikakwama. Wifi akainuka kwenda kuifungua, na kwenye kompyuta akabaki yeye mwenyewe, mdogo kama maharagwe, anapiga kasia katika dawa ya kikohozi. Mwalimu aliangalia, akacheka, halafu akasogea karibu. Akauliza kama ziko nyingine. Akaondoka na picha kumi na mbili za "Bomba la Choo" kwenye simu yake.

Baada ya miezi miwili ikaja barua; kumbe mwalimu alizituma zile picha. Nyumba moja ya wachoraji, nchi ya mbali, inawaita watu kumi na mmoja wakae miezi mitatu wachore tu. Chakula juu ya wenyeji, kitanda juu yao, tiketi juu yao. Wifi alikuwa mmoja wa hao kumi na mmoja. Sharti lilikuwa afike kabla ya siku ya kufungua, wiki saba kutoka siku ile. Asipofika, nafasi anapewa mwingine.

Aliisoma barua amesimama. Akaisoma tena amekaa. Kisha akasema, "Pasipoti sina," akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, mtu aliyewapiga picha za pasipoti nusu ya mji.

Jioni tukakaa chumbani kwa mama mkwe. Mume wangu akaisoma barua kwa sauti, akajikuna kichwa. "Miezi mitatu si mingi," akasema, halafu akanitazama mimi. Wifi naye akanitazama. Mama mkwe, kijiko mkononi, akanitazama. Jamani, nani angesema hapana mbele ya macho yale?

"Nenda, wifi," nikasema. "Mama nitakaa naye mimi."

Akanikumbatia kwa nguvu mpaka pini nilizozichomeka kifuani zikanichoma. Nilisema kwa roho safi. Naapa.

Wifi alitaka nipate mazoea, kwa hiyo tukakubaliana kwamba siku mbili nitakaa na mama peke yangu, naye asiingie hata akiitwa. Siku ya kwanza kijiko kiligonga mara arobaini na moja. Niliweka alama kwa chaki ya kushonea ukutani. Katika hizo, thelathini zilikuwa za kugonga mara tatu. Nikiingia, anashusha kijiko, ananiangalia, anafumba macho. Nikikaa tu kwenye mashine, ko-ko-ko. Si mkorofi yule mama, msije mkamfikiria vibaya. Ana hofu. Anaogopa kwamba siku moja atagonga na nyumba itakuwa tupu. Siku ya pili kiuno kilikuwa kinaniwaka, magauni sita ya harusi yamelala bila mikono, na mimi nikasimama mbele ya kalenda nikahesabu siku tisini. Usiku mwili ulilala lakini roho haikulala.

Asubuhi wifi akaniuliza, "Vipi, umeweza?"

"Nimeweza. Kitu gani sasa?"

Jumanne ikafika siku ya picha. Nilikuwa nimemshonea blauzi ya kijani yenye kola ndogo ya heshima, si zile za vituko. Akatandika kitambaa cheupe, akaiwekea kamera sekunde kumi, akakaa kwenye stuli yake mwenyewe na kujiambia kwa sauti ya kazi: "Kidevu juu kidogo. Usicheke. Usipepese macho." Nilicheka mimi badala yake. Kamera ikalia. Akahamia kwenye kompyuta, nami nikakaa kwenye benchi ya wateja napinda ukingo wa sketi. Kijiko kikagonga mara tatu. Akaenda, akarudi, akakaa mbele ya kompyuta muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha printa ikaanza kunguruma.

Akazikata, akanipa. "Hebu shika, wifi. Niangalizie kama ziko sawa, nivae viatu."

Nikazishika. Mimi ni fundi. Nikiona vazi, jicho langu linakwenda moja kwa moja mahali uzi ulipokosekana. Picha nne, nyuso nne za wifi, blauzi ya kijani imekaa vizuri, na kidevu laini kama yai. Kovu halikuwepo.

Nilielewa palepale kilichotokea. Mkono ulikuwa umekwenda wenyewe. Na nilijua dawa yake: neno moja tu, "wifi, kovu," arudi kwenye kiti, dakika kumi, picha mpya. Alikuwa amenipa mgongo, anafunga kitambaa kichwani mbele ya kioo kile ambacho wateja huchania nywele. Nilikuwa na muda wa kutosha. Nikasikia kiuno changu. Nikasikia ko-ko-ko ingawa kijiko kilikuwa kimya. Nikajitia hamnazo.

"Umependeza," nikasema.

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Akachukua bahasha, akatoka. Nisiwadanganye. Nilitaka asiende, na niliogopa kusema, nikaiachia picha iseme kwa niaba yangu.

Wiki tatu na nusu zikapita, akaitwa ofisi ya pasipoti. Nilimsindikiza; mume wangu alikaa na mama asubuhi hiyo, akapiga simu mara nne kabla hatujafika mbele ya foleni. Dirisha namba tatu alikaa karani mwanamke, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Akaweka kitambulisho na picha sambamba mezani. Akamtazama wifi, akatazama picha, akamtazama tena.

"Mama, hilo kovu ni la lini?"

"La tangu utoto."

"Kwenye kitambulisho lipo. Mbona kwenye picha hii halipo?"

Wifi akainama kuitazama picha.

"Umepigwa picha na nani?"

"Nimejipiga mwenyewe. Nina studio."

Karani akatabasamu kwa huruma. "Basi pole, mama. Picha iliyosafishwa hatupokei. Itabidi uanze upya, fomu mpya, wiki nne nyingine." Akasukuma picha kwenye kitundu cha kioo, akaongeza, bila ubaya wowote, "Siku nyingine tafuta fundi anayejua kazi."

Siku ya kufungua ilikuwa imebaki wiki tatu. Tulitoka nje, wifi amezishika zile picha nne kama mtu aliyeokota kitu cha mwingine. Njia nzima alisema maneno mawili tu: "Mkono umezoea." Nikamwambia pole. Nilisema pole labda mara kumi, na kila nikisema ulimi ulikuwa unazidi kuwa mzito.

Mwalimu wa uchoraji akaandika kwa upole kwamba nafasi imepewa mwingine, na kwamba wifi ajaribu miaka ijayo. Mume wangu akasema labda haikuandikwa. Mama mkwe alipoambiwa alilia, akamshika wifi mkono, akasema, "Mungu mkubwa." Hapakuwa na mtu katika nyumba ile ambaye hakushusha pumzi. Hata mimi nilipumua, nikamaliza magauni yangu sita, harusi ikapita, nikasifiwa. Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na ile blauzi ya kijani niliishona mwenyewe. Kila nilipoiona imeanikwa kwenye kamba nilikuwa nageuza uso.

Miezi miwili wifi hakufanya kituko hata kimoja. Rangi zilikauka kwenye visahani vyake. Kazi aliifanya kama kawaida, kidevu juu kidogo, usicheke, lakini kicheko cha upande wa pili wa mbao hakikusikika tena. Nilimletea vitambaa vya kumshonea kola mpya; akasema asante, weka pale. Bado viko pale.

Jana asubuhi nilifungua chumba changu nikakuta bahasha juu ya meza ya kukatia, chini ya ile futi ya njano. Ndani mlikuwa na kituko.

Nina chupa ya kioo ya vifungo, kubwa, iko dirishani tangu nilipoanza kazi. Wifi alikuwa ndani yake. Amekaa juu ya kifungo cha koti, magoti kifuani, ndani ya blauzi ya kijani. Vifungo vilikuwa vimepakwa rangi kimoja kimoja, vingine vina mabawa madogo, vinapiga kioo kutaka kutoka. Kifuniko kimefungwa. Nje ya chupa, karibu sana, limechorwa jicho kubwa linalochungulia ndani, jicho la mwanamke, na chini yake alama nyeusi ndogo, upande wa kushoto. Alama hiyo ninayo mimi. Kidevuni mwa wifi hapakuwa na zipu wala mto wala ngazi. Kovu lake lilikuwa pale kama kamera ilivyoliona, halikuguswa.

Nilikaa chini kidogo kwanza. Kisha nikaenda upande wa pili na picha mkononi. Alikuwa anakata picha za mteja kwa mkasi.

"Wifi, niliona," nikasema. "Siku ile. Niliona kidevu, nikanyamaza."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa mbele ya kioo. Macho yako yalishuka kidevuni, yakakaa hapo, halafu ukasema nimependeza." Hakuacha kukata.

Nikashikwa na hasira, hasira ya mtu aliyekamatwa. "Sasa mbona hukuniuliza? Mbona ukaibeba hivyo hivyo mpaka dirishani? Kama ulijua nimeona, si maana yake na wewe ulikuwa..."

Akaweka mkasi chini.

"Niliona kabla sijaprinti," akasema. "Niliporudi kutoka kwa mama nikakuta nimeshafuta. Kulirudisha ni kubonyeza mara moja tu. Nikakaa naangalia. Niliogopa, wifi. Miaka tisa sijalala mahali ambapo sikisikii kile kijiko. Nikajiambia, nitampa wifi ashike. Yule ana mdomo, hawezi kuficha. Akisema, narudia picha, naenda. Akinyamaza, basi na yeye hataki niende, nibaki."

Nikaiweka picha juu ya benchi ya wateja.

"Nilikaa kwenye kioo kile nikifunga kitambaa mara tatu," akasema. "Nakungoja useme."

Kijiko kikagonga nyuma ya mbao. Ko-ko-ko. Mara tatu.

Tukainuka pamoja. Mlango wa kwenda kwa mama ni mwembamba, unapita mtu mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa karibu nao. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa. Nilihisi kiuno kinaanza kuuma hata kabla sijainama. Wifi alisimama nyuma yangu akingoja.

Nikasogea pembeni, nikampisha.

"Nipo, mama," akasema, akapita.